Sungura wa Pasaka na Ujumbe Uliopotea Njiani

Wamagana haina majira ya kuchipua. Mji huu mdogo wa Tetu, kaunti ya Nyeri, uko karibu nusu digrii kusini mwa Ikweta, na mchana wake una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, Desemba sawa na Juni. Theluji ipo, ila iko juu kabisa kileleni mwa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na haifuati majira. Kinachobadilika ni mvua. Machi inapoelekea ukingoni, mawingu hushuka kutoka milima ya Nyandarua, njia za mashambani hugeuka tope jekundu, na kila mwenye kipande cha ardhi huharakisha mbegu zake: mahindi, maharagwe, viazi, na kwa wanaoshika ya wazee, njahi, zao ambalo Wagikuyu wameupa jina lake msimu mzima wa mvua ndefu. Katikati ya pilikapilika hizo ndipo Pasaka hufika.

Siku hizi haifiki peke yake. Madukani Nyeri mjini sungura wa chokoleti na wa plastiki hupangwa karibu na mikate ya sikukuu, na majumbani ameanza kuonekana sungura wa aina nyingine, yule aliyetengenezwa kwa mkono.

Huyu wa pili ndiye anayestahili kufikiriwa. Anayezijua sebule za miji ya Mlima Kenya anajua kwamba ni nadra kukuta kochi lililo tupu. Kila mgongo wa kochi una kitambaa chake cha kroshia, meza ina chake, hata redio na televisheni zimevishwa. Vitambaa hivyo hufumwa kanisani baada ya ibada, hufumwa kwenye chama huku hesabu za mchango zikiendelea, hufumwa ndani ya matatu. Ukutani, miaka nenda miaka rudi, kumekuwa na vitambaa vilivyotariziwa maneno ya kumkaribisha Kristo nyumbani. Mikono iliyozoea kazi hiyo haihangaiki kumpata sungura. Mfumaji huanza na kimduara kidogo cha uzi, huongeza mishono sita kila mzunguko mpaka tumbo litune, kisha huipunguza kwa hesabu ile ile. Ndani hujaza mabaki ya nyuzi, vipande vya nguo kuukuu, au sufu ambayo haijasokotwa. Masikio ni vipande viwili virefu. Macho ni vifungo vya shati. Asiyejua kroshia huchukua soksi iliyobaki bila mwenzake, akaijaza maharagwe, akaifunga kamba shingoni na kuupasua mdomo wa soksi katikati ili upate masikio. Watoto nao hulowesha maganda ya mahindi hadi yalainike, wakayakunja na kuyafunga kwa uzi wa katani. Mwisho wa yote huja pua, nayo hushonwa kwa uzi mweusi au wa waridi katika umbo la herufi Y, kwa kuwa pua na mdomo wa sungura vimepasuka. Huo mpasuko utarudiwa huko mbele.

Shosho anayeingia sebuleni akamkuta kiumbe huyo ameketi kando ya Biblia ana haki ya kuuliza, “Na huyu naye ni wa nini, mjukuu wangu?” Jibu la kwamba ni wa Pasaka halimtoshi. Swali lake ni la dini hasa: mnyama ambaye hatajwi popote katika habari za kaburi tupu anatafuta nini kwenye sikukuu ya ufufuo, na zaidi ya hapo, katika nchi isiyo na majira yaliyomzaa?

Wengi hujibu haraka kwamba sungura ni upagani wa kale wa Ulaya, mungu wa kike wa machipuko aliyejificha chini ya kanzu ya Kikristo. Hoja hiyo inavuma sana, na msingi wake ni mwembamba. Mtawa wa Kiingereza Bede, mwaka 725, aliandika kwamba mwezi mmoja wa kale ulipewa jina la mungu wa kike aitwaye Eostre. Hakutaja sungura. Mwaka 1835 Jacob Grimm, mkusanyaji wa ngano wa Ujerumani, alikisia kwamba kulikuwa na mungu wa namna hiyo kwa Wajerumani pia, na waliomfuata ndio waliomwongezea sungura. Ushahidi wa kwanza ulio wazi wa sungura anayeleta mayai ya Pasaka ni wa mwaka 1682, katika maandishi ya daktari Georg Franck von Franckenau kuhusu desturi za Alsace. Daktari mwenyewe alijali zaidi matumbo ya watu waliokula mayai kupita kiasi. Kutoka huko wahamiaji wa Kijerumani walimpeleka sungura huyo Pennsylvania katika karne ya 18, na kutoka Marekani biashara ikamtawanya ulimwenguni.

Kabla ya hapo sungura alikuwa ameshaingia kanisani kwa mlango mwingine. Mchoraji Titian alimchora Bikira Maria akiwa ameweka mkono juu ya sungura mweupe, yapata mwaka 1530, na picha hiyo iko katika makumbusho ya Louvre. Watu wa kale waliamini kwamba sungura huweza kuzaa bila dume, ndiyo maana wachoraji walimwona kuwa ishara ya ubikira. Katika kanisa kuu la Paderborn, Ujerumani, kuna dirisha la mawe lenye sungura watatu wanaokimbizana kwa duara. Masikio ni matatu tu kwa jumla, lakini kila mmoja anaonekana ana mawili. Wapo wanaoona humo Utatu. Mchoro wa namna hiyo hiyo uko katika mapango ya Kibudha ya Dunhuang, China, na ni wa zamani kuliko dirisha hilo kwa takriban miaka 900.

Hivyo sungura hana dini moja. Kila mahali alipofika alipewa kazi na watu wa mahali hapo.

Hapa Nyeri hakupewa kazi yoyote na waliohubiri kwanza. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin na Giuseppe Allamano mwaka 1901, walifika Tuthu mwaka 1902 na mwaka uliofuata walikuwa Nyeri. Walikuja na sanamu, maandamano, na mkesha wa Pasaka wenye mshumaa mkubwa. Wascotland wa Presbiteri walifungua Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, nao walitoka katika kanisa ambalo tangu mageuzi ya mwaka 1560 lilikuwa limefuta sikukuu zote za mwaka, Pasaka ikiwemo, na lilikuwa ndiyo kwanza linazirudia polepole. Mlima mmoja, Injili moja, lakini nyumba moja ilifundishwa kwamba jicho nalo husali, na nyumba jirani ikafundishwa kuogopa chochote ambacho jicho linaweza kukipenda kupita kiasi. Shosho wa PCEA, kanisa la Presbiteri, na shosho wa Katoliki hawamtazami sungura wa uzi kwa macho sawa hadi leo. Wote wawili, wakisoma Mambo ya Walawi 11, watakuta kwamba sungura ni najisi.

Hofu ya shosho wa Presbiteri haifai kupuuzwa. Amri iliyo katika Kutoka 20 inakataza sanamu ya kitu chochote kilicho mbinguni au duniani kwa ajili ya kusujudiwa, na historia ya dini imejaa mapambo yaliyogeuka miungu. Kwa bahati ya ajabu, mji mmoja ulishughulikia pande zote mbili za jambo hili. Ni Nikea, ambayo leo ni Iznik, Uturuki. Mwaka 325 maaskofu walikutana hapo wakakubaliana kwamba makanisa yote yaadhimishe Pasaka siku moja. Baadaye hesabu za Aleksandria zikaimarisha kanuni inayotumika sasa, Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Mwaka 787 maaskofu wengine walikutana katika mji huo huo wakaamua kwamba picha inaweza kuheshimiwa bila kuabudiwa, kwa sababu heshima hupita picha ikaenda kwa yule aliyechorwa. Sungura wa soksi hawakilishi mtakatifu yeyote, na hakuna anayempigia magoti. Hata hivyo uamuzi ule unamwachia aliyemtengeneza swali gumu: heshima ya kitu hiki inaenda kwa nani?

Ikiwa jibu ni majira ya kuchipua, basi kwa Wamagana heshima hiyo haina pa kwenda. Alsace na Pennsylvania sungura ana ushuhuda wa kweli. Ametoka kwenye baridi, majani yamerudi, mtu amekaa miezi ndani ya nyumba akiwa hajaona kitu kibichi, kisha kiumbe chepesi kinapita bondeni. Mtengenezaji wa huko anaponing'iniza sungura dirishani anasema jambo ambalo mwili wake unalijua. Tetu majani ya chai hayajawahi kuacha kuwa mabichi. Mkulima anayepeleka chai yake kiwandani Gathuthi huichuma Januari, huichuma Julai. Hajawahi kuingoja dunia ifufuke.

Biblia yenyewe iliifunga sikukuu hii na msimu wa shamba: Pasaka ya Waisraeli iliwekwa katika mwezi wa Abibu, wakati masuke ya shayiri yanakomaa. Shayiri inalimwa hata hapa, upande wa Timau, lakini Aprili huko ni wakati wa kupanda au wa kungoja kupanda. Maana yake ni kwamba kile ambacho kaskazini ni habari ya kurudi, Nyeri ni habari ya kuzika. Mbegu imefukiwa na hakuna anayejua bado kama mvua itatosha. Injili ya Yohana, sura ya 12, inaizungumzia chembe ya ngano katika hali hiyo hasa. Hapo tayari pana sababu ya kupamba nyumba kwa kitu kilichotoka shambani badala ya kuazima theluji inayoyeyuka.

Ila kuna jambo zito zaidi ya msimu, na sungura yumo ndani yake.

Mwaka 1864 mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek alichapisha mkusanyo wa ngano za Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Moja inasimulia kwamba Mwezi alimtuma mdudu kwa watu na ujumbe: kama Mwezi anavyokufa kisha akawa hai tena, nao watakufa na kuishi tena. Njiani mdudu akapitwa na sungura, ambaye alijitolea kuupeleka kwa kuwa ana mbio. Akaupeleka umepinduka: kama Mwezi anavyokufa na kutoweka, nao watakufa na kutoweka. Mwezi alipojua, alimpiga sungura kwa kipande cha mti puani. Pua yake imepasuka mpaka leo.

Hiyo ndiyo Y ambayo mfumaji wa Wamagana anaishona bila kujua.

Afrika Mashariki inasimulia msiba huo huo kwa majina mengine. Wamasai, ambao malisho yao hufika nyanda za Laikipia chini ya Mlima, walimsimulia mkusanyaji wa ngano A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1905, juu ya mtu aliyeitwa Leeyo. Aliagizwa kwamba mtoto akifa aseme mtu afe na arudi, mwezi ufe na usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake, akageuza maneno. Alipofiwa na wake mwenyewe akayasema sawasawa, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Ukambani mjumbe ni kinyonga. Alitumwa na habari ya uzima, akaja polepole, akaanza kugugumia kwamba ameambiwa, ameambiwa, na kabla hajamaliza ndege akamkata kauli na kutangaza kifo. Wazulu wana kinyonga pia, na aliyempita ni mjusi.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kasisi wa Anglikana na mwanafalsafa, alizikusanya hadithi za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na akaona jambo linaloumiza. Watu kila mahali wanasimulia jinsi zawadi ya kufufuka ilivyopotea, lakini hakupata hata hadithi moja inayoeleza namna ya kuirudisha. Hasara ilikubaliwa. Ilibaki Zamani, na maisha yakaendelea katika Sasa, kwa maneno mawili ya Kiswahili aliyoyateua kueleza fikra yake ya wakati.

Hapo Pasaka inapata mahali pa kusimama Wamagana pasipo msaada wa majira ya kuchipua. Huzuni inayojibiwa kaskazini na sungura ni ya baridi. Huzuni ya Kiafrika ni ya ujumbe ambao ulitumwa kweli, kwa nia njema ya aliyetuma, ukaharibikia mikononi mwa mjumbe. Habari za kaburi tupu nazo ni habari za wajumbe. Wanawake wanaambiwa waende upesi wakawaambie wanafunzi. Katika Marko wanakimbia na kunyamaza kwa hofu. Katika Luka wanasema na maneno yao yanaonekana upuuzi. Karibu ujumbe upotee mara ya pili. Hata siku yenyewe bado inapangwa kwa mwezi mpevu, mwezi ule ule ambao katika ngano ndio uliotuma habari. Mkristo wa Tetu anayemweka sungura mwenye pua iliyopasuka katika nyumba yake wakati wa Pasaka anaweza kuwa anasema neno ambalo Alsace haikulijua: aliyeivuruga habari amekabidhiwa tena, na safari hii imefika.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Tetu, mwaka 1940 na kuwa mbunge wa sehemu hiyo tangu 2002 hadi 2007, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi baadaye mti huo ulivyokatwa ili chai ipate nafasi. Aliandika pia jinsi watu walivyofundishwa kwamba Mungu hakai Kirinyaga. Kilio chake kinahusu hili pia. Ishara ya nyumbani inapong'olewa, nafasi yake haibaki wazi. Hujazwa na kinachouzwa. Sungura wa plastiki kutoka dukani amejaza nafasi ambayo hakuna aliyekaa akafikiri ijazwe na nini.

Ndiyo maana mkono una uzito katika jambo hili. Kitu cha kununua hufika kikiwa kimeshaamuliwa. Kitu cha kutengeneza humlazimisha mtu aamue, mshono kwa mshono, na kwa kuwa kazi ni ya saa kadhaa, anapata muda wa kujua anachofanya. Maandiko yako upande wa kazi hiyo. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, na roho hiyo inakuja kwa ajili ya kuchonga, kufanya kazi ya dhahabu na kukata vito. Katika Matendo 9 mwanamke wa Yafa aitwaye Tabitha, au Dorkasi, anakufa. Wajane wanamzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizozishona. Hawatoi hoja nyingine. Anafufuliwa katikati ya kazi za mikono yake. Na katika mkesha wa Pasaka, kwenye Kanisa Kuu la Mama wa Consolata mjini Nyeri kama katika makanisa yote ya Katoliki, wimbo wa kuusifu mshumaa unataja kazi ya nyuki na ya mikono ya watumishi.

Miji hii ina mikono hiyo, na inalipwa kwa ajili yake. Nanyuki Spinners and Weavers, warsha ya akina mama iliyoanza mwaka 1977 kwa kuungwa mkono na PCEA, husokota sufu ya kondoo na kufuma mazulia. Njoro, ng'ambo ya Nyandarua, wafumaji wa Kenana Knitters wamekuwa tangu 1998 wakifuma wanyama wa kuchezea wanaouzwa hadi ng'ambo, na kila mnyama huondoka na jina la aliyemfuma. Mtoto wa Ulaya hulala amemkumbatia mnyama aliyetoka mkononi mwa mama wa Bonde la Ufa. Ni jambo la kuhuzunisha kidogo kwamba mara nyingi nyumba ya mfumaji mwenyewe hupambwa kwa plastiki.

Yupo sungura mwingine ambaye watoto wa Nyeri wanamjua kuliko wote: yule wa kibandani nyuma ya jiko. Ukoo wake uliletwa na Wazungu, lakini vilabu vya kilimo shuleni vya 4-K, vilivyoanza mwaka 1962 na kuzinduliwa upya mwaka 2021, vimemfanya mfugo wa kwanza wa watoto wengi wa shule. Hubeba mimba siku 31 hivi, na watoto wake huzaliwa vipofu, bila manyoya, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya aliyoyanyofoa kifuani mwake. Mtoto aliyewahi kuinua manyoya hayo na kukuta kitu kinapumua hahitaji kuelezwa kwamba sungura na Pasaka vina uhusiano. Akitaka kumtengeneza wa uzi, amtazame huyo kwanza.

Anayetaka kwenda mbele zaidi amtengeneze kinyonga. Ndiye mjumbe wa upande huu, na ndiye anayechukiwa. Watoto hufundishwa kumkimbia, na wengine humpiga mawe. Misitu na mashamba ya chai kuzunguka Mlima Kenya na Nyandarua yana kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu, na ambaye hatagi mayai kama vinyonga wengi bali huzaa watoto walio hai. Kwa kroshia si mgumu. Mkia hufumwa kwa mnyororo mrefu, kisha kila kitanzi cha mnyororo hupewa mishono mitatu badala ya mmoja, nao hujikunja wenyewe. Pembe ni vipande vitatu vidogo vya uzi wa kahawia vilivyokazwa kwa gundi. Macho yake, kwa kuwa kila moja hutazama upande wake, yafaa yawe vifungo viwili vilivyoshonwa kwa kulegea. Kwa kalenda ya kanisa Pasaka ni siku 50, mpaka Pentekoste, kwa hiyo kinyonga na sungura wana haki ya kukaa juu ya kitambaa cha meza, pamoja, wakati maharagwe nje yanatoa maua.